Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu shindano la kosplei kwenye tamasha letu la anime, majibu yote yako hapa

Mambo vipi watu wangu. Kwa mgeni: kosplei ni kuvaa na kuigiza kama mhusika fulani, na anime ni katuni za Kijapani. Kila tamasha likikaribia simu yangu haipumui, maswali yaleyale kutoka Tegeta mpaka Mbagala, wengine mnauliza saa sita usiku. Mimi ndo nashika fomu na mimi ndo nakaa na majaji, kwahiyo nimeamua kuandika kila kitu sehemu moja. Ni ndefu, najua, ila soma kabla hujanunua hata mita moja ya kitambaa, maana kuna vitu ukivijua mapema vinakuokolea hela.

Nani anaruhusiwa kushiriki?

Yeyote mwenye tiketi ya siku hiyo aliyejaza fomu na kuja meza ya majaji kwa muda wake. Haijalishi ni mara yako ya kwanza. Tena wa mara ya kwanza wana kundi lao, hawashindani na watu wenye miaka mitano kwenye hii kazi. Ukishashinda kundi la wanaoanza huwezi kurudi tena huko, unapanda juu.

Mhusika lazima atoke kwenye anime?

Anime, manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) au gemu ya Kijapani. Hii inawaumiza wapenzi wa katuni za Marekani lakini tamasha ni la anime na tumelishikilia hilo makusudi. Shindano kubwa la dunia kule Nagoya, Japani, lile lililoanza 2003 na kuwa na ubingwa kuanzia 2005, nalo linataka mavazi ya anime, manga na gemu za Kijapani, na watu wanashindana wawiliwawili kwa nchi. Brazili walilichukua 2006, 2008 na 2011. Brazili, wale walioko upande wa pili wa dunia kutoka Japani! Sasa mtu akiniambia sisi tuko mbali sana na haya mambo huwa namjibu hivohivo.

Mhusika uliyemtunga mwenyewe hapana, maana majaji hawana cha kulinganishia. Ila mhusika anayejulikana halafu ukamvalisha kanga au kitenge au kanzu inaruhusiwa kabisa, mradi nikikuangalia nimtambue bila kuambiwa. Hilo huwa linanifurahisha kuliko vyote, acha niseme ukweli.

Nguo kanishonea fundi. Naruhusiwa?

Hili ndo swali namba moja na nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndo linaleta ugomvi kila mwaka.

Mashindano mengi nje yanasema nguo ushone mwenyewe, basi. Lakini hapa kwetu kila mtu ana fundi wake, cherehani iko nje ya nyumba ya tatu, ukisema mwenye fundi asije unabaki na watu wanne. Kwahiyo sisi tunafanya hivi: unaruhusiwa kuja na kazi ya fundi, lakini unaandika kwenye fomu nani kafanya nini. Wewe umekata, fundi kashona, wewe umetia rangi, dada yako kasuka wigi, andika yote. Maksi za kazi ya mikono unapewa kwa kile mikono yako imefanya tu. Za kufanana na mhusika na za steji unapata zote kama kawaida.

Na kuna njia nyingine watu hawaitumii: mwandikishe fundi wako kama mwenzako. Mnakuwa timu ya wawili, anakuja naye mezani anaeleza alivyokunja ile kola, na maksi zote za kazi zinahesabika. Kuna mzee mmoja wa cherehani alikuja na mteja wake, hajawahi kuangalia anime hata moja, majaji walipogeuza koti ndani nje wakakuta mshono umefichwa wote, hakuna uzi unaoning'inia hata mmoja, basi wakamwuliza kafanyaje mabega yasimame vile bila sponji na akaeleza kwa dakika nzima jinsi alivyoweka kitambaa kigumu cha kola za shati ndani ya bega, watu wote kimya wanamsikiliza. Walishika nafasi ya pili.

Ambacho hatusamehi ni kudanganya. Majaji wanauliza. Ukisema umeshona mwenyewe halafu hujui zipu imeingiaje, hapohapo unatolewa kwenye maksi za kazi, na hatuli njama na mtu hata kama ni rafiki yangu.

Na ya kuagiza mtandaoni je?

Unapanda steji, unapigiwa makofi, unashindania zawadi ya uigizaji. Za kazi ya mikono hapana. Ila kama umeagiza nguo ukatengeneza upanga na wigi mwenyewe, tenganisha kwenye fomu, upanga na wigi tunavihesabia.

Majaji wanaangalia nini hasa?

Maksi ziko 100. Kazi ya mikono 50, kufanana na mhusika 20, steji 30. Kabla ya steji kila mtu ana dakika tano mezani na hapo ndo mtu anaposhinda au kushindwa, siyo kwenye taa na muziki kama wengi mnavyofikiri.

Mezani watageuza pindo, watavuta kidogo kitufe, watagonga kifua cha vazi lako la chuma la bandia kusikia kama limeshikana, wataangalia mgongo. Mgongo watu wangu! Watu wanamaliza mbele vizuri wanaacha mgongo na pini za kufungia nepi. Njoo na picha za mhusika mbele, pembeni na nyuma, zimechapishwa, siyo kwenye simu yenye chaji asilimia tatu. Na njoo na picha za kazi ikiwa katikati, hata kama ni mbaya, picha ya boksi limekatwa kwenye sakafu ya chumba chako inakuongezea kuliko maneno mengi.

Majaji hawaangalii umbo lako, urefu wala unene. Jaji akisema neno kuhusu mwili wa mtu haendelei kuwa jaji siku ile.

Mimi ni mweusi, mhusika ni mweupe. Nitapoteza maksi?

Hupotezi hata moja. Rangi ya ngozi haipo kabisa kwenye karatasi ya majaji. Na nakuomba kama kaka yako, usijipake mkorogo wala unga mweupe mwili mzima ili "ufanane". Kufanana ni nguo, nywele, mkao, macho, namna anavyoshika silaha yake. Kama mhusika ni jini la bluu au roboti ya fedha hapo jipake rangi salama ya mwili, siyo rangi ya ukutani, kuna mtu alishawahi kuniuliza na nikaogopa. Ila kujipaka ili uonekane ni mtu wa taifa lingine, hapana, fomu inarudi.

Navaa hijabu, itanipunguzia?

Hapana dada. Hijabu kama nywele za mhusika ni ufundi wenyewe, wenzetu wa Malaysia na Indonesia wamefika mbali sana na hilo, wanakunja kitambaa mpaka unaona shungi na mikia miwili. Tunaihesabu kama wigi: rangi, umbo, inavyokaa ukitembea. Mwaka jana dada mmoja alitumia hijabu mbili za rangi tofauti, ya ndani nyeusi ya nje waridi, akashona miba ya nywele kwa kitambaa kilichojazwa pamba, na haikusogea hata alipopiga magoti steji. Mikono mirefu na suruali chini ya sketi fupi nayo hatuhesabu kama kosa. Ukitaka mezani ushughulikiwe na jaji mwanamke andika kwenye fomu, yupo.

Mhusika wangu anavaa nguo kidogo sana...

Tamasha linakuja na wazazi na watoto. Sehemu za siri, makalio na matiti vifunikwe na kitambaa kisichoonyesha ndani. Kitambaa cha rangi ya ngozi yako chini yake kinasaidia sana na ukikichagua vizuri steji hakionekani.

Silaha zipi zinaruhusiwa?

Boksi, povu, mbao nyepesi, bomba la plastiki lililozungushiwa sponji. Zisizoruhusiwa: chuma chochote chenye makali hata kama "halijanolewa", panga la nyumbani, bunduki za kufyatua vidonge vya plastiki, mishale yenye ncha, na bastola ya kuchezea ambayo haina ncha ya rangi ya chungwa. Urefu mwisho mita 2, ikizidi niambie wiki mbili kabla tuone itapitaje mlangoni.

Najua mnalalamika kwamba ukaguzi wa mlangoni unachelewesha. Ila Mei 2017 kule Phoenix, Marekani, mtu aliingia kwenye tamasha la aina hii na bunduki halisi zenye risasi, kavaa kama mhusika, na wakati ule ukumbini kila mtu kabeba bunduki ya bandia, sasa nani angemjua. Polisi walimkamata kabla hajaumiza watu kwa risasi, na waandaaji wakapiga marufuku silaha zote za bandia siku zilizobaki. Sisi hatutaki kufika kwenye kupiga marufuku, kwahiyo kila silaha inakaguliwa na kufungwa utepe. Ukikataa kukaguliwa inabaki mapokezi mpaka unaondoka.

Na barabarani tafadhali ifunge kwenye shuka au mfuko mrefu. Ukipanda mwendokasi asubuhi na upanga mkubwa begani, wale abiria hawajui kama ni povu.

Mhusika wangu ni mwanajeshi.

Sare za rangi moja za kubuni, bluu, nyeupe, koti la kahawia la ngozi, sawa. Kitambaa cha madoa ya kijeshi HAPANA, hata kofia, hata begi, hata kiraka. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Sitaki mtu akamatwe kituoni kwa sababu ya kosplei. Sare inayofanana na ya polisi wetu nayo usilete.

Sina hela. Nitatengeneza na nini?

Hapa nakaa kidogo kwa sababu naona watu wanaacha kushiriki kwa kufikiri bila vitu vya kuagiza haiwezekani.

Yale mavazi ya chuma ya bandia mnayoyaona nje yanatengenezwa na povu la EVA, na wewe unalo miguuni, soli nyingi za kandambili ndo povu hilohilo. Lile la kukata linapatikana kwenye mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande, na mikeka ya mazoezi mingi inafanya kazi pia. Gundi ni ile ya mafundi viatu. Siri yake watu hawaijui: unapaka nyembamba pande ZOTE mbili, unaacha kama dakika kumi mpaka ukigusa haivuti kidole, ndo unabandika mara moja kwa nguvu. Ukibandika ikiwa mbichi inakudanganya, inashika nyumbani halafu inaachia. Mimi mwenyewe bega langu la kwanza liliachia ndani ya buti ya gari, jua la Februari la hapa Dar, nafungua nakuta vipande sita vimelala kama magamba ya samaki na zimebaki dakika 40. Tangu siku ile nasubiri zile dakika kumi. Na paka gundi nje au dirisha wazi, ile harufu inalevya na inaumiza kifua.

Kabla ya rangi ya kupuliza lazima uzibe povu, la sivyo linakunywa rangi yote na linabaki na mabaka. Pasi kavu ya moto wa kati juu ya karatasi ya kuokea, halafu gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, paka mara tatu, kila mara ikauke. Lakini lile povu jeupe la kufungia TV usilipulizie rangi moja kwa moja, linayeyuka mbele ya macho yako.

Wigi: nenda kwa msusi wako. Rasta za rangi ziko kila saluni, na yale maji ya moto wanayochovya mwisho wa msuko ndo yanashikisha umbo la nywele za anime. Unafunga rasta kwenye umbo la mwiba, unachovya maji ya moto kwa uangalifu, unaacha ipoe bila kuigusa, halafu gundi ya mbao kidogo kwenye ncha. Inasimama siku nzima na unyevu wote wa pwani.

Kitambaa Kariakoo, au nenda Karume ukatafute makoti ya mitumba ya kurekebisha, koti refu la mvua la Ulaya ni nusu ya kazi imeshafanyika. Ile haori (koti pana la Kijapani) ya miraba ya kijani na nyeusi mnayoipenda wote, usitafute kitambaa cha miraba, nunua cha kijani mita tatu, kata boksi liwe na tundu la mraba na upake rangi nyeusi ya kitambaa kwa sponji. Kazi ya jioni mbili na majaji wanaihesabu.

Lini nianze?

Miezi mitatu kabla kama ni mara ya kwanza. Siyo kwa sababu kazi ni kubwa sana, ila una shule au kazi na umeme unakatika na fundi atakuambia "njoo kesho". Mwezi wa kwanza chagua mhusika, kusanya picha, nunua vitu. Anza na kile usichokijua, kama hujawahi kutengeneza wigi anza na wigi, nguo unajua utaipata tu. Mwezi wa pili kata na shona. Fundi mpe tarehe ya uongo, wiki mbili kabla ya ile unayoitaka, na mpe picha mkononi, usimwelezee kwa mdomo. Mwezi wa tatu rangi, kujaribisha, na mazoezi.

Kujaribisha maana yake vaa yote kwa saa mbili nyumbani. Kaa. Panda ngazi. Kunywa maji. Nenda chooni. Hili la choo nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu kuna watu wamekaa saa saba hawanywi maji kwa kuogopa kuvua vazi na mmoja alizirai foleni ya steji. Weka zipu au vifungo vya kunasa pembeni.

Steji nina muda gani, na muziki?

Mtu mmoja sekunde 90, kundi dakika mbili na nusu. Kundi mwisho watu sita. Sauti ni MP3, uilete kwenye flashi NA uitume na fomu, zote mbili, mana umeme ukikatika na jenereta likaja kompyuta inaanza upya na faili la mtandaoni halifunguki. Maneno ya mhusika rekodi kabla, maikrofoni hatutoi kwa washiriki.

Moto, maji, moshi, unga wa kurusha, mapambo ya kung'aa yanayomwagika, hapana. Kuna historia hapa: 1972 kwenye mkutano wa dunia wa hadithi za sayansi, Los Angeles, kijana mmoja alipanda kwenye onyesho la mavazi kajipaka siagi ya karanga mwili mzima, ikaenda kwenye nguo za wenzake na samani, na toka hapo maonyesho mengi yakaandika kwenye sheria zao marufuku siagi ya karanga. Kitu chochote kinachohama kutoka kwako kwenda kwenye nguo ya mwenzako aliyoishona miezi mitatu, hakiji.

Nina miaka 14, naweza?

Unaweza, chini ya 18 mzazi au mlezi anasaini fomu na anakuwepo ukumbini, siyo kukuacha getini na bodaboda. Wazazi mnaosoma hii karibuni sana, kiti chenu kipo karibu na meza ya majaji.

Watu wakinipiga picha au kunigusa bila kuniuliza?

Mwambie yeyote mwenye kitambaa chekundu mkononi, papo hapo, hata katikati ya steji. Picha mtu anaomba, wigi na nguo havishikwi, kukumbatia mpaka ukubali. Anayerudia anatolewa nje na tiketi yake haturudishi. Siku ya tamasha la kwanza tulichelewa kwenye hili, dada mmoja alikaa chooni nusu saa kwa sababu ya mtu aliyekuwa anamfuata na mimi nilikuwa nahangaika na spika. Siwezi kusahau. Ndo maana sasa kuna watu wanane wasio na kazi nyingine yoyote.

Nije nimevaa au nibadilishie huko?

Vyote sawa, vyumba vipo, wanawake na wanaume mbali. Tamasha kubwa la manga kule Tokyo lenyewe haliruhusu mtu kutoka nyumbani kavaa, lazima abadilishie ndani. Sisi hatujafika huko ila kama unakuja kwa daladala nakushauri badilishia huku, vazi linafika zima.

Naweza kuleta vazi la mwaka jana?

Kama halikushinda, lete. Kama umelirekebisha, niambie umebadili nini.

Sikubaliani na matokeo.

Njoo uombe karatasi yako ya maksi baada ya tamasha, jaji mmoja atakaa na wewe akuonyeshe kila sehemu. Maksi hazibadiliki. Ila waliokuja kuomba hiyo karatasi wengi wao mwaka uliofuata walipanda, nimewaona.

Kitu kikivunjika dakika ya mwisho?

Nyuma ya steji kushoto kuna meza ya matengenezo: sindano, uzi mweusi, mweupe na mwekundu, bunduki ya gundi ya moto, gundi ya viatu, utepe, pini, mkasi, wembe na kipande cha mkeka wa povu. Anakaa pale dada mmoja mwenye mikono ya haraka kuliko yangu. Ukifika useme namba yako ya steji kwanza ndo uonyeshe kilichovunjika, tunaweza kukusogeza nyuma watu wawili, siyo zaidi ya hapo.